Wijeti za blogu ya 2007 zimekufa: nizifufue au niziondoe?

Mhifadhi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimepata nakala kamili ya blogu niliyokuwa nikiiandika kati ya 2006 na 2009, pamoja na kiolezo chake (faili la muundo wa ukurasa), na ninakusudia kuirudisha mtandaoni ikiwa na sura ileile. Makala zote zipo. Kinachonisumbua ni safu ya pembeni, iliyojaa wijeti, yaani vipande vidogo vinavyoleta habari kutoka tovuti nyingine. Palikuwa na picha zangu sita za mwisho kutoka Flickr, viungo nilivyovihifadhi del.icio.us, nyuso za wasomaji waliopita karibuni kupitia MyBlogLog, na ramani ndogo niliyoiunda kwa kuchuja milisho miwili ya RSS (orodha za habari mpya zinazotolewa na tovuti) ndani ya Yahoo Pipes na kuyaweka matokeo juu ya Google Maps.

Sasa kila ninapoufungua ukurasa, kichwa cha blogu hutokea, kisha hakuna kinachoonekana kwa karibu nusu dakika, ndipo makala ijitokeze huku pembeni pakiwa peupe. Je, kwa nini kitu kilichokufa pembeni kinaizuia makala ambayo ni nzima? Na je, ipo njia ya kuvirudisha vitu hivi? Safu ile ilikuwa shajara yangu ya pili: ilionyesha nilichokuwa nikikisoma na nani alikuwa akinitembelea, mambo ambayo sikuyaandika mahali pengine popote.

FundiKurasa

Ndugu Mhifadhi, nianze na hiyo nusu dakika, kwa kuwa chanzo chake kinaeleza karibu mambo yote mengine.

Wijeti nyingi za wakati ule zilikuwa mstari mmoja tu ulioubandika kwenye kiolezo: lebo ya skripti iliyokiamuru kivinjari kwenda kwenye seva ya mtu mwingine na kuleta msimbo. Msimbo huo ulikuwa na amri ya document.write, ambayo huandika HTML, yaani lugha ya kuundia kurasa, papo hapo ukurasa ukiwa bado unasomwa. Kwa sababu hiyo kivinjari kilipaswa kusimama, kwani hakikuweza kujua skripti ingeandika nini kabla ya mstari unaofuata. Bila shaka katika kiolezo chako safu ya pembeni imetangulia makala. Seva isipojibu, kivinjari hungoja hadi kikate tamaa, na makala iliyo chini yake hungoja pamoja nacho.

Usishangae kwamba walichagua njia hiyo. Vivinjari vilizuia, na kwa haki, skripti ya tovuti moja kusoma data ya tovuti nyingine, lakini havikuzuia kupakia faili la skripti kutoka popote. Watengenezaji walipita katika mwanya huo, na mwishoni mwa 2005 mbinu ya kuifunga data ya JSON (data iliyopangwa kama maandishi) ndani ya skripti ikapata jina, JSONP. Njia rasmi ya seva kuruhusu data yake isomwe na tovuti nyingine, yaani CORS, iliidhinishwa mwaka 2014 kuwa kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, na kufikia hapo wijeti nyingi za namna hii zilikuwa zimekwisha kuondoka.

MchoraRamani

Naomba niongezee upande wa ramani, kwa sababu jambo lile lilinifanya nijifunze kuandika programu na bado nalithamini sana.

Google Maps ilipotoka Februari 2005 haikuwa na mlango wa watengenezaji wa nje. Paul Rademacher aliichambua kwa mikono na kuyaweka juu yake matangazo ya nyumba ya Craigslist, tovuti ya matangazo madogo, ikazaliwa HousingMaps. Mei mwaka huohuo Adrian Holovaty akafanya vivyo hivyo kwa taarifa za uhalifu za polisi wa Chicago. Google ilitoa API rasmi, yaani mlango wa programu za nje kuitumia ramani, Juni, baada ya watu kuonyesha kwamba data mbili zisizojuana zikikutanishwa huzaa jibu ambalo hakuna hata moja kati yake ingelitoa peke yake. Mpangaji alikuwa na orodha na alikuwa na ramani. Alichokikosa ni kuviona pamoja.

Yahoo Pipes, iliyotoka Februari 2007, ilimpa uwezo huo mtu asiyejua kuandika msimbo: ulivuta visanduku, ukaviunganisha kwa mabomba, ukachuja, ukapata mlisho mpya. Ilifungwa Septemba 2015. Microsoft Popfly, chombo cha namna hiyohiyo, ilikuwa imekwisha kufungwa 2009. Ramani nazo, tangu 2018 Google inadai akaunti ya malipo iliyounganishwa na ufunguo wako. Kwa hiyo ramani yako ilisimama juu ya ridhaa ya wenye milisho, ya Yahoo na ya Google, na ilitosha mmoja wao aondoke. Iunde upya kwa Leaflet, maktaba huria ya msimbo wa kuonyesha ramani, na data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, huku alama zako zikikaa katika faili moja lililo kwenye seva yako mwenyewe.

Mlinzi

Nakubaliana na waliotangulia, ila kuna hatari ambayo haijatajwa. Ndugu Mhifadhi, tafadhali usiirudishe blogu mtandaoni kabla hujaifuta mistari ile yote. Skripti uliyoibandika ina mamlaka kamili ndani ya ukurasa wako: husoma kila kilichoandikwa, hubadilisha viungo, humpeleka msomaji kwingine. Huduma inapokufa kikoa chake, yaani jina la tovuti yake, kinaweza kununuliwa na mtu usiyemjua, na siku atakapoweka faili kwenye anwani ileile, msimbo wake utaendeshwa kwenye blogu yako bila wewe kugusa chochote. Kitu cha nje kikibidi kabisa, kiweke ndani ya iframe (dirisha dogo la ukurasa mwingine) yenye sifa ya sandbox, inayokibana kisiguse ukurasa wako.

Kuhusu kumbukumbu, usikate tamaa mapema. Kabla ya kufuta, nakili anwani iliyo ndani ya kila lebo ya skripti uiingize kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za wavuti. Watu hutafuta ukurasa wa blogu peke yake, lakini mara nyingine lile jibu la skripti nalo lilihifadhiwa, na ndani yake utakuta anwani za picha na vichwa vya viungo vikiwa maandishi ya kawaida.

Mhifadhi

Nawashukuru nyote. Nimeifuta mistari minne na ukurasa unafunguka mara moja. Wijeti ya MyBlogLog sikuipata, na hilo limenisikitisha kwa kuwa nyuso zile hazipo kwingine. Ile ya Flickr ilikuwa imehifadhiwa mara moja, Machi 2008: mstari mrefu wa document.write wenye anwani sita za picha za mraba, pikseli 75 kwa 75. Picha tano ninazo kwenye diski yangu ya zamani, nami nimeziweka mahali pake kama HTML ya kawaida, kwa mpangilio uleule. Nafasi ya sita nimeiacha wazi kwa sasa, nikiwa na anwani yake tu.