Kitoto cha kobe, nimtengezee banda vipi?

Salaam wakuu. Niko Malindi, mjomba kahama kaniachia kobe mdogo na kibali chake cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), nimemweka kwenye beseni la plastiki barazani lakini siku nzima anakwaruza tu pembeni na chakula hataki, shida nini?

— Mtoe leo leo! Jua la saa saba hilo beseni ni sufuria. Mjengee ukuta mfupi wa matofali, wavu pembeni usiweke maana akiona nje atasukuma mpaka pua ichubuke, chini udongo na mchanga, upande mmoja jua mwingine kivuli cha makuti achague mwenyewe.

— Juu ndo uweke wavu sasa. Wangu alibebwa na kunguru mchana kweupe, kunguru wa huku hawana adabu. Na kibali kama kina jina la mjomba pita KWS wakuelekeze, si kuku huyo.

— Msosi nyasi na majani, mkate hapana. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookota ufukweni, loweka maji baridi chumvi itoke umwekee agugune, ni kalisiamu ya gamba. Maji kwenye kisahani kifupi, yasimpite kidevu.

— Shukran. Beseni nimemrudishia mama, kumbe alikuwa analitafuta 😂