Makaroni na jibini kila usiku, kuna madhara au ni maneno ya watu?

TambiLaini:
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni ushauri, matusi hapana. Mimi ni mpenzi wa makaroni na jibini, ile ya boksi yenye pakiti ya unga wa jibini ndani. Nikitoka kazini nachemsha, nakoroga, nakula, nalala. Sasa mke wangu ananiandama, eti najiua taratibu. Kwani kuna ubaya gani? Ngano ipo, maziwa yapo, jibini ipo. Wenye ujuzi wa lishe shusheni nondo nikamsomee.

MzeeKijiti:
Mwanaume mzima unakuja jukwaani kulilia tambi. Kizazi hiki mnakula picha iliyo juu ya boksi. Msikilize mkeo, kijana.

SufuriaNzito:
Tatizo ni huo unga wa pakiti. Tengeneza sosi mwenyewe. Kaanga kijiko cha unga wa ngano kwenye siagi, mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, ikishakuwa nzito zima moto. ZIMA kwanza, ndipo utie jibini. Moto ukizidi, protini zinajikunyata na mafuta yanajitenga, unabaki na chengachenga zinaogelea. Na paruza mwenyewe, maana ile inayouzwa imeparuzwa hupakwa wanga isigandamane, haiyeyuki vizuri.

TambiLaini:
Asante mkuu, ila sikuuliza mapishi.

NesiWaZamu:
TambiLaini, unataka nondo au unataka cheti cha kumwonyesha mkeo? Chakula chenyewe si sumu. Jibini ngumu kama cheddar, gramu 100 zina protini kama gramu 25 na kalisiamu takriban miligramu 700. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini (mojawapo ya viini vinavyojenga protini), ya maziwa inayo ya kutosha, kwa hiyo vinafidiana. Ila gramu hizohizo zina mafuta kama gramu 33, mengi yakiwa yale ya kuganda, na sodiamu inayopita miligramu 600. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya miligramu 2000 za sodiamu kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5. Nyuzinyuzi ni chache, vitamini C ni kama hakuna. Ukisoma boksi, angalia namba zimeandikwa kwa mlo mmoja au kwa boksi zima, hapo ndipo wengi wanapigwa.
Sasa nijibu. Boksi unalimaliza peke yako? Na kuna ugonjwa umewahi kuambiwa unao?

Kijukuu_cha_Bibi:
Mimi chuoni nilikuwa nakula hiyo kitu hadi mwenzangu wa chumbani akahama. Hakuhama kwa sababu ya harufu, alihama kwa sababu nilikuwa nakula na yake. Siku za mitihani ndiyo usiseme, laini, moto, haihitaji hata kutafuna.

NesiWaZamu:
Kijukuu, ndiyo siri yake. Wanga na mafuta kwa pamoja vinaushawishi ubongo kuliko kimoja peke yake. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Cell Metabolism ukaonyesha hivyo. Ongeza chumvi na glutameti ya jibini iliyokomaa, ile inayoleta ladha nzito, ndiyo inazidi kunoga. Bado namsubiri mleta mada.

TambiLaini:
Boksi namaliza, ni dogo tu. Ugonjwa sina. Presha ndiyo walinipima ikawa juu, ila nameza dawa na imetulia.

MzeeKijiti:
"Ugonjwa sina, presha ndiyo." Haya.

TambiLaini:
Nilijua mtaing'ang'ania hiyo presha, ndiyo maana sikuiandika. Nimeshajipanga. Unga wa jibini nitatia nusu pakiti, na ladha nitairudisha kwa ile chumvi mbadala ya potasiamu. Nimeshanunua, kopo liko kabatini. Sodiamu inapungua, mdomo unafurahi. Mnataka nini tena?

NesiWaZamu:
Dawa gani unameza?

TambiLaini:
Sioni inahusiana vipi na makaroni.

NesiWaZamu:
Jina la dawa, mkuu.

TambiLaini:
Lisinopril.

NesiWaZamu:
Usifungue hilo kopo. Lisinopril inapunguza uwezo wa figo kutoa potasiamu. Ukijiongezea nyingine mezani, inaweza kupanda kwenye damu hadi ikavuruga mapigo ya moyo, na huenda usione dalili mapema. Hiyo chumvi inawafaa watu wengi, wewe mpaka uongee na aliyekuandikia dawa. Na dawa usiiache.

Mpekuzi007:
Ngojeni kwanza. Nimepekua nyuzi zake. Kuna mmoja anaomba mbinu za kumpata jirani, anasema hajaoa. Kuna mwingine anasema maziwa yanamvuruga tumbo. Leo ana mke anayemwandama na anakula jibini kila usiku. Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi.

Kijukuu_cha_Bibi:
Nesi wa watu kaandika aya zote zile 😂😂

TambiLaini:
Jirani ndiye huyohuyo mke, uzi ni wa zamani. Na jibini iliyokomaa laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, ni kidogo sana, kaulizeni.

Mpekuzi007:
Iliyokomaa, sawa. Ila unga wa boksi mara nyingi una yale maji ya jibini yaliyokaushwa, na hayo yamejaa laktosi. Halafu boksi lenyewe linakuambia uongeze maziwa. Tumbo lako linachagua siku?

TambiLaini:
Linaniuma. Nani kasema haliniumi?

MzeeKijiti:
Mungu wangu.

NesiWaZamu:
Iwe chai au isiwe, yuko msomaji mwingine anameza dawa hiyohiyo. Majibu yangu yabaki.

SufuriaNzito:
Mimi namwamini. Mtu wa kutunga angejipa tumbo zuri. Mkuu, tumia cheddar kali iliyokomaa sana, kidogo tu inasikika, na haradali kidogo inaiamsha. Ongeza brokoli, maharage meupe, chochote chenye nyuzinyuzi. Maziwa weka yasiyo na laktosi.

TambiLaini:
Nimepiga simu duka la dawa, nao wamesema niongee na daktari kwanza. Kopo kalichukua mke, na huu uzi kausoma wote mpaka ule wa jirani. SufuriaNzito, hiyo cheddar kali niweke gramu ngapi kwa mtu mmoja?

SufuriaNzito:
Thelathini. Ukitaka arobaini, kamwombe mkeo.