Muvi za wahuni wa mpira Uingereza: Green Street, The Football Factory au The Firm, ipi ina uzito?

Kijiwe_Nongwa (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko kidato cha nne, likizo yote hii anaangalia Green Street. Kairudia mara tano kama si sita. Ukimtuma dukani anaondoka anaimba ule wimbo wa mapovu wa West Ham, na juzi nimemkuta na wenzake wawili wanaunda "genge" lao, mpaka jina wameshalipa. Kichekesho ni kwamba dogo ni Liverpool kindakindaki. West Ham kaijulia kwenye muvi.

Kumkataza sitaki, nikikataza ndiyo nimeweka petroli. Nataka nimtafutie nyingine tukae wote Jumamosi. Naona watu wanataja The Football Factory na The Firm. Mlioziona zote tatu, nianze na ipi? Muda wenyewe ni saa moja na kidogo, baada ya hapo bimkubwa anataka tamthilia yake.

Ngumi_Jiwe
Green Street ndiyo baba lao, usimhangaishe mtoto. Stori imesimama. Jamaa wa Kimarekani anatimuliwa Harvard kwa unga ambao si wake, anakimbilia London kwa dada yake, anaangukia mikononi mwa Pete, mdogo wa shemeji yake na kiongozi wa genge la mashabiki wa West Ham. Mwanzoni Mmarekani hajawahi kupigwa hata kofi, mwishoni anarusha ngumi kama kazaliwa nazo. Lile tukio la Manchester, wanajificha ndani ya lori, wapinzani wao wanawasubiri stesheni, kisha mlango wa lori unafunguliwa... acha kabisa. Na mwisho stelingi mwenyewe, Pete, anakufa! Niliiona kibanda umiza Mbagala, watu walitoka kimya kama wametoka kuzika.

Shuu_Makadara
@Ngumi_Jiwe hiyo ngumi yote unayoisifu imeongozwa na mwanamke, unajua? Lexi Alexander, Mjerumani, alikuwa bingwa wa karate kabla hajaingia kwenye filamu. Ndiyo maana mapigano yake yanaonekana yana mpangilio. Kasoro ni moja tu, wanawake humo ndani wana kazi ya kulia na kushika mtoto.

Bandari_ya_Barking
Mtoa mada, mimi nakaa mashariki ya London, Newham, mwaka wa kumi na moja sasa. Green Street si jina la kutunga, ni barabara. Kila Jumamosi naipita nikienda Queens Market pale jirani na stesheni ya Upton Park kutafuta bamia na mihogo. Maduka ya sari na dhahabu za Kihindi yamepanga mstari mzima. Uwanja wa West Ham uliokuwa pale, Upton Park, haupo tena. West Ham walihamia Stratford 2016, kwenye uwanja wa Olimpiki, ule wa zamani ukavunjwa na sasa hivi ni maghorofa watu wanalala. Kilichobaki ni sanamu kwenye kona ya Barking Road, Bobby Moore, nahodha wa Uingereza na West Ham, kabebwa mabegani, kashika Kombe la Dunia la 1966. Watoto wanaipita na begi za shule hata hawaiangalii.

Sasa kuhusu muvi. Kazini nina mzee mmoja, West Ham tangu miaka ya 70. Nilimtajia Green Street akacheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. Cha kwanza, lafudhi. Charlie Hunnam, anayecheza Pete, ni mtoto wa Newcastle, kaskazini huko, na humo anajilazimisha kuongea kama mtoto wa mashariki ya London. Kwetu ni sawa na umchukue mtu wa Musoma umpe nafasi ya mzaliwa wa Mji Mkongwe, aanze kuvuta maneno. Sisi hatusikii tofauti, wenyewe linawakera kama kokoto kwenye wali.

Cha pili, mzee anasema genge lile lisingempokea mgeni wa wiki moja, tena anayesomea uandishi wa habari. Wale walijuana tangu shule ya msingi. Genge halisi la West Ham liliitwa Inter City Firm (ICF), jina limetokana na treni za InterCity. Mashabiki wa kawaida walikuwa wanapandishwa treni maalumu, polisi wanawangoja wakishuka. Hawa wao wakanunua tiketi za treni za abiria, wamevaa vizuri kama watu wa ofisini, wanashuka mjini kwa wenyewe bila askari hata mmoja. Wakishamaliza kukupiga wanakuachia kadi yenye jina lao, kama fundi wa friji. Hiyo kadi mzee anayo moja ndani, alinionyesha picha yake kwenye simu. Hajasema aliipataje na mimi sijauliza.

Ngumi_Jiwe
Sasa mzee anacheka nini na kadi anayo 😂

Bandari_ya_Barking
Ndiyo hapo sasa. Na nikuongeze: tarehe 25 Agosti 2009, miaka minne baada ya muvi kutoka, West Ham na mahasimu wao wa London, Millwall, walikutana Kombe la Ligi palepale Upton Park. West Ham walishinda 3-1 muda wa nyongeza, lakini matokeo nani anayakumbuka? Nje walipigana mpaka mtu akachomwa kisu, ndani watu wakaingia uwanjani zaidi ya mara moja. Nilipomkumbusha mzee hapo hakucheka.

Tozi_la_Temeke
Kwangu ni The Football Factory (2004). Haina Mmarekani wa kukuelezea kila kitu kama mtalii. Danny Dyer anacheza shabiki wa Chelsea, umri unakwenda, kazi ya kuuza maua, wikiendi ngumi. Anaanza kuota ndoto mbaya usiku lakini kuacha hawezi. Halafu kuna yule babu yake mpigana vita anayetaka kuhamia Australia, huyo ndiye mtu pekee mwenye akili mule ndani. Kituko ni kwamba Dyer mwenyewe ni West Ham damu, na leo mkwewe ni Jarrod Bowen, mshambuliaji aliyeng'ara West Ham. Kuvaa uhusika wa Chelsea sijui alilipwa ngapi.

Kocha_Mstaafu
Vijana, mnazunguka mbuyu. Mtoa mada, mpe dogo The Firm, lakini ya 1989, ya Alan Clarke, ile ya BBC. Isikuchanganye na ya 2009 ya Nick Love, ambayo ni rangi za trakisuti na muziki wa disko. Inapendeza machoni, inaishia hapo.

Nakwambia kwa nini. Green Street na Football Factory zote mbili zinakuambia kupigana ni kubaya, lakini kamera inafurahia. Ngumi inakwenda polepole, muziki unapanda, na wewe pale kwenye benchi unakunja ngumi. Clarke alikataa hiyo raha. Kamera yake inatembea nyuma ya watu tu, inawafuata mlangoni, jikoni, baa, hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini. Gary Oldman anacheza Bex, na Bex si mtoto wa mtaani asiye na kazi. Ni dalali wa nyumba. Ana tai, ana mke, ana mtoto mdogo, ana gari zuri. Sasa ukitafuta sababu ya umaskini huipati. Anapigana kwa sababu anapenda, na hilo ndilo lililowakera Waingereza wakati ule, maana magazeti yalishazoea kusema ni vijana waliokosa ajira.

Kuna tukio moja sitalisimulia lote. Bex anaweka silaha zake nyumbani. Kuna kisu kile cha kukatia maboksi, chenye wembe wa kusukuma. Na mtoto anatambaa. Mtoto wa umri ule kila kitu anapeleka mdomoni. Niliiona nikiwa na mwanangu wa umri huohuo, nikainuka nikazima.

Faida nyingine kwako, ni fupi, kama dakika 70. Bimkubwa atapata tamthilia yake.

Mweusi_Tii
Naomba msiisahau Cass (2008). Cass Pennant, mtoto wa asili ya Jamaika aliyelelewa na wazazi Wazungu wazee huko Slade Green, mtaa ambao mweusi ni yeye peke yake. Anaonewa tangu utoto, kisha siku anapigana upande wa West Ham, anaheshimiwa kwa mara ya kwanza. Akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa ICF, akafungwa, akapigwa risasi akiwa baunsa, akapona, akawa mwandishi wa vitabu. Huyu ni mtu kweli, si wa kutungwa.

Mnaosifu udugu wa wale wahuni mkumbuke miaka ileile majukwaani wachezaji weusi walikuwa wanaigiziwa sauti za nyani. Clyde Best aliyapitia akiwa na jezi hiyohiyo ya West Ham. Mimi na Ngumi_Jiwe wangetukaribisha kwa kadi ile ya fundi friji.

Ngumi_Jiwe
Hapo umenikamata mkuu.

Simba_wa_Ugenini
Nyie mnabishania muvi, watu walikufa. Heysel 39, Hillsborough 97, wote wameuawa na wahuni. Ndiyo maana Uingereza wakaweka viti kila mahali.

Chumbageni_Sheria
@Simba_wa_Ugenini hapana, hapo usichanganye. Heysel, uwanja wa Brussels, Mei 1985, ndiyo, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao wa Juventus, ukuta ukaanguka, na timu za Uingereza zikafungiwa Ulaya miaka mitano, Liverpool sita. Hillsborough, uwanja wa Sheffield, Aprili 1989, haikuwa uhuni. Polisi walifungua geti, watu wakamiminika kwenye vizimba vilivyokwishajaa, wakabanwa mpaka kufa. Kisha polisi haohao wakawasingizia marehemu kwamba walikuwa walevi na wahuni. Familia zilihangaika miaka 27, mpaka 2016 baraza la mahakama likasema waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa. Viti vilitokana na ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 baada ya Hillsborough, hilo umesema sawa. Lakini dogo wa mtoa mada ni Liverpool. Akisoma ulichoandika pale juu, kijiwe kitawaka.

Simba_wa_Ugenini
Nimepokea mkuu, nilichanganya. Naomba radhi kwa watu wa Anfield.

Shuu_Makadara
Mimi naongezea I.D. (1995). Polisi wanne wanatumwa kujichomeka kwa mashabiki wa timu ya kutungwa, Shadwell. Mmoja, John, anaanza kwa kuigiza ulevi na matusi, mwisho hujui kama bado anaigiza. Imeongozwa na Philip Davis, yuleyule aliyecheza Yeti, hasimu wa Bex kwenye The Firm ya Kocha. Kwangu iko juu ya Green Street, maana pale anayebadilika halipwi ushujaa.

Bandari_ya_Barking
I.D. mzee wangu anaikubali. Anasema ile baa ya mule ndani harufu yake anaijua.

Kijiwe_Nongwa (mtoa mada)
MREJESHO. Wakuu shukrani, uzi umenisaidia. Nimemfuata Kocha. Tumekaa Jumamosi, dogo na wale wenzake wawili wa "genge", karanga mezani.

Nusu saa ya kwanza walilalamika: picha mbovu, hakuna muziki, hawa wanaongea tu. Mmoja akaanza kuchezea simu. Likafika lile tukio la mtoto. Simu ikashuka. Bimkubwa alikuwa anapita kwenda jikoni, akasimama mlangoni na sufuria mkononi, akauliza, "Huyo baba yake yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Akabaki hapohapo mpaka mwisho, tamthilia ikampita.

Ilipoisha dogo akaniuliza, "Kaka, hivi mechi ilikuwa saa ngapi?" Nikarudisha nyuma kutafuta. Zaidi ya wao wenyewe kucheza bustanini pale mwanzoni, hakuna mechi.

Bimkubwa sasa anaulizia hiyo ya polisi. Shuu, ina tafsiri ya Kiswahili au nikae naye nimtafsirie mwenyewe?

Shuu_Makadara
Kaa naye. Na matusi yaruke, ni mengi.