Gari la mtu aliyetoweka: lirudishwe kwa familia au libaki kituoni?

Mkazi wa Bweyale: Ndugu wasomaji, shemeji yangu alitoweka hapa Uganda miaka minne iliyopita. Gari lake lilikutwa kando ya barabara, milango imefungwa, na tangu siku hiyo limekaa uani pa kituo cha polisi, juani na mvuani, hata nyasi zimefika madirishani. Dada yangu ana watoto watatu. Ameomba arudishiwe gari aliuze alipe karo, naye hujibiwa kila mara kwamba ni kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, na kwamba kesi haijafungwa. Je, ni haki kielelezo kisichochunguzwa kiendelee kuoza kwa jina la uchunguzi?

Wakili wa Mbarara: Poleni sana. Hata hivyo, nasema libaki. Kuliuza leo, kabla kifo chake hakijathibitishwa, ni kumrithi mtu ambaye huenda yu hai. Isitoshe, sisi wa Mbarara tunajua uzito wa gari katika kesi ya namna hii. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, mwandishi Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walitoweka walipokuwa wakifuatilia habari za mauaji katika kambi ya jeshi ya Simba, hapa kwetu. Mabaki ya Volkswagen waliyosafiria yalikutwa yameungua, yametupwa bondeni katika milima ya magharibi, na Jaji David Jeffreys Jones akahitimisha kwamba waliuawa na wanajeshi. Mkilichukua gari, wiki haitapita kabla halijafika kwa mafundi wa Kampala, ambao kufuta nambari za chasisi kwao ni kazi ya asubuhi moja.

Fundi wa Kisekka: Mheshimiwa wakili, mengine nimeyasoma kwa heshima, lakini hilo la mwisho, juu yetu mafundi wa Kampala, limenichoma. Nimelala chini ya magari miaka 19 na sijafuta nambari hata moja. Anayefuta ni mwizi, na wezi wamo katika kila kazi, hata katika yako. Tena ujue kwamba nambari ya chasisi hugongwa kwenye chuma. Ukiisugua ikapotea machoni, chuma cha chini bado kimeumia pale ilipogongwa, na wataalamu wakipaka tindikali huweza kuisoma upya.

Mama wa Kasese: Fundi, usitake tukuonee huruma. Gari la kaka yangu liliingia uani pa kituo kimoja likiwa na matairi manne na betri, tukalikuta limekaa juu ya matofali. Matairi yale yalinunuliwa na nani?

Fundi wa Kisekka: Pole, mama, nasema kwa moyo. Lakini lango la kituo lina mlinzi, na sijawahi kupewa ufunguo wake.

Wakili wa Mbarara: Sikusema mafundi wote. Na ninakuomba uondoe neno lako kuhusu kazi yangu, kwa maana nimewatetea watu wasio na senti, bila malipo, tangu nilipoapishwa.

Mwalimu wa Arua: Mnabishana juu ya nani asiliguse gari, na hamjauliza ni nani atakayelisoma. Huko Australia, tarehe 17 Agosti 1980, mtoto wa wiki tisa, Azaria Chamberlain, alitoweka kambini karibu na Uluru. Mama yake, Lindy, alisema amechukuliwa na dingo, yaani mbwa mwitu wa kule. Wachunguzi wakafungua gari la familia, Torana, na mtaalamu akaieleza mahakama kwamba chini ya dashibodi kulikuwa na damu ya mtoto mchanga. Mwaka 1982 mama akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye ikabainika kwamba yale matone yalikuwa dawa ya kuzuia kelele, iliyopuliziwa gari kiwandani! Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 ndipo cheti cha kifo kilipotaja dingo. Kwa hiyo, ndugu wa Bweyale, msiombe tu gari lichunguzwe. Ombeni sampuli zifike maabara ya Serikali iliyoko Wandegeya, Kampala, na majibu yatolewe kwa maandishi.

Mama wa Kasese: Mwalimu, gari lililonyeshewa miaka minne lina sampuli gani tena?

Mkazi wa Bweyale: Mama, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siku lilipopatikana nilichungulia dirishani. Shemeji yangu ni mfupi, huendesha kifua kikikaribia usukani, lakini kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa. Nilimwambia afande, naye hakuandika. Walipolihamisha aliketi dereva mwingine, akakivuta mbele.

Fundi wa Kisekka: Kaka, hilo la kiti liandike leo, kwa tarehe, utie sahihi. Kisha nijibu: alikuwa akibadilisha oili wapi? Gereji nyingi huacha kadi, ama imefungwa kwa uzi karibu na injini, ama imebandikwa pembeni mwa mlango, yenye tarehe na kilomita za siku ile. Toa kilomita hizo katika zile zilizo kwenye dashibodi, utajua lilitembea kiasi gani tangu siku hiyo. Mvua haifuti hesabu hiyo.

Mkazi wa Bweyale: Alibadilisha oili siku mbili kabla ya kutoweka. Nilikuwa naye. Kadi sikuitafuta, na dashibodi haiwaki, kwa kuwa betri haimo.

Wakili wa Mbarara: Msiguse chochote. Nitaandika barua kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya ili gari lifunguliwe mbele ya familia, picha zipigwe, na kila aliyepo atie sahihi. Fundi, unaweza kufika Bweyale?

Fundi wa Kisekka: Nipe siku. Betri nitakuja nayo.