Beit el-Ajaib irudi vilevile au ijengwe kisasa? Nimegombana na mjomba

zege_na_nondo
Habari za saa hizi wakuu. Mie ni msimamizi wa saiti huku bara, kazi zangu ghorofa za kawaida, nondo na zege, mambo ya majumba ya kale siyajui kiundani ndo maana nimekuja kuuliza. Mwezi uliopita nilikuwa Unguja kwa mjomba wangu, jioni tumekaa Jaws Corner, kile kijiwe cha Mji Mkongwe, na kahawa zetu, maneno yakaja ya Beit el-Ajaib, lile jumba la maajabu la Sultani Barghash mbele ya bahari. Mjomba anasema irudishwe vilevile, jiwe kwa jiwe, mnara uleule, mlango uleule. Mie nikamwambia mjomba, jengo lilianguka 25 Desemba 2020 mchana kweupe mafundi wakiwa ndani wanalikarabati, watu wawili wakafa, sasa unarudishaje kitu kilekile kilichoanguka? Si bora kusimamisha fremu ya zege, nje ukapaka rangi nyeupe, mtalii atajua nini? Wallahi aliweka kikombe chini akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Mpaka naondoka hatujasemezana vizuri.
Sasa naomba mnisaidie, nimekosea wapi? Maana kwa akili ya saiti usalama ndo wa kwanza.

Msumeno wa Mbuyuni
Hujakosea kwenye usalama, umekosea kwenye sementi hehe. Mie kazi yangu ni hizi nyumba, nimeanza kumchanganyia babu yangu chokaa nikiwa skuli ya msingi. Sikiliza kaka. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, mnene, laini, na unapumua. Maji ya mvua yanaingia, jua likitoka yanatoka. Chumvi nayo imo humo humo maana jiwe lenyewe limetoka pwani. Sasa njoo wewe na plasta yako ya sementi, umeziba mdomo wa ukuta, maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, baada ya misimu ya masika miwili mitatu unagonga kwa kidole unasikia ndu ndu, halafu plasta inabanduka vipande vizima vipana kama sinia na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Kuna ofisi moja siitaji jina, niliwaambia kwa mdomo wangu tupigeni chokaa, bosi akasema chokaa inachelewa kukauka na wageni wanakuja ufunguzi, wakapiga sementi. Mwaka wa tatu wakaniita. Nilienda na nyundo ndogo tu, sikuhitaji hata tindo.
Ila Beit el-Ajaib ina ugonjwa wake peke yake, usiichanganye na nyumba zetu za boriti. Nyumba ya kawaida chumba hakizidi urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 3 hivi, ndo maana vyumba vyetu vyembamba virefu. Yule Sultani alitaka kumbi kubwa, akaleta mihimili ya chuma na nguzo za chuma za kusubu (chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa) kutoka ng'ambo, juu yake zege. Chuma mbele ya bahari, zaidi ya miaka 100! Chuma kikishika kutu kinavimba, kikivimba kinapasua kila kilichokikumbatia, na wewe chini unaona dari nyeupe nzuri tu. Paa likivuja ndo kabisa. Kwa hiyo hapo chokaa peke yake haiwezi kukuokoa, mjomba wako asikudanganye.

Mtembeza_Wageni
Sheikh zege, mie swali langu kwa mjomba ni moja tu: vilevile ya lini? Kazi yangu kutembeza wageni na hili nalisimulia kila siku. Barghash alilijenga 1883, na wakati huo halikuwa na mnara kwenye uso wake. Mnara ulisimama mbele peke yake, una taa ya meli na saa. Ikaja 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zikapiga mizinga pale, vita haikufika hata saa nzima. Beit al-Hukm ya jirani ikaharibika vibaya isifae tena, Beit al-Sahel ikaumia, mnara ukaondoka, Ajaib yenyewe ikabaki imesimama. Walipotengeneza, 1897, ndo mnara mpya wenye saa ukajengwa kwenye uso wa jumba. Kwa hiyo ule mnara anaoulilia mjomba wako ulikuwa ukarabati! Na yale majumba matatu yalikuwa yameunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililofunikwa, juu ya njia, bibi anatoka huku anaingia kule bila kuonwa na mtu wa chini. Hayo nayo turudishe? Maana kama ni vilevile basi iwe vilevile kweli.
Halafu tukumbuke jengo hili limevaa nguo nyingi. Jumba la sherehe za Sultani, ofisi za serikali ya Kiingereza, baada ya Mapinduzi likawa la chama, baadaye makumbusho. Mie nililipenda likiwa makumbusho, pale ukumbini chini palikuwa na mtepe, chombo cha baharini cha kale, mzima umeshonwa kwa kamba, hakuna hata msumari mmoja, watoto wa skuli walikuwa wanapitisha vidole kwenye mishono mpaka mlinzi anakohoa.

bahari_mbali
Nawasoma kutoka Italia hapa, jamani hili la kwenu limewahi kutokea kwa wenzetu. Venice mnara wa uwanja wa San Marco ulianguka wote chini Julai 1902, kifusi kama mlima. Hakufa mtu, inasemekana alikufa paka wa mlinzi. Wakabishana kama nyie, kisha wakaamua maneno matatu manne: kama ulivyokuwa, pale ulipokuwa. Ukafunguliwa 1912. Lakini ukiingia ndani unapanda kwa lifti na mifupa yake wameibadilisha, imepunguzwa uzito na imetiwa zege. Mtalii anaona mnara wa kale, na watu wa pale hawafichi kwamba ni wa 1912. Kwangu mie hapo ndo pa kujifunza, sio kosa kutia kitu kipya, kosa ni kukificha ukajifanya ni cha kale. Hata Mkataba wa Venice wa 1964 ambao hao wataalamu wa urithi wanautumia unataka kilichoongezwa kioane na jengo ila kijulikane kwamba kimeongezwa.

Kitwana K
Mnabishana chokaa na chuma, mie nauliza bomba la maji nani analitazama? Lile jengo halikuanguka siku moja. 2012 kona ya nyuma ilishashuka, likafungwa, na kwenye urithi wa dunia Mji Mkongwe tumo tangu 2000, kwa hiyo jina tunalo. Fedha za Oman zikaja, kazi ikaanza, likaanguka katikati ya kazi. Nyumba ya pwani inataka mtu wa kupanda paa kila kabla ya masika, azibue mifereji, ang'oe ule mti unaoota ukutani ungali na majani mawili. Hiyo kazi haina ufunguzi wala utepe wa kukata ndo maana haifanyiki. Mkijenga tena kwa mabilioni bila fungu la huyo mpanda paa wangu, wajukuu zenu watafungua mjadala huu huu.
Na lingine, msije mkalijenga zuri halafu mkaambiwa limekuwa hoteli. Mambo Msiige, lile jumba jingine la kale la Mji Mkongwe, sasa ni hoteli, imependeza sikatai, lakini mie kuingia pale mpaka nijipange.

Bi Mwana wa Malindi
Assalam alaykum wanangu. Mie nitoe langu dogo. Nina dada yangu anatembelea kiti cha magurudumu, makumbusho ilipokuwa wazi tulimwacha chini kwenye mtepe sisi tukapanda, akatusubiri. Nikisikia "vilevile" ndo nakumbuka zile ngazi. Halafu naambiwa jumba hili ndilo la mwanzo Afrika Mashariki kuwa na lifti, na taa za umeme za mwanzo hapa Unguja ziliwaka humo! Ndo ajabu yenyewe hiyo, watu walikwenda kushangaa vitu vipya, hawakwenda kushangaa uzee. Sasa mtu akija na lifti leo ataambiwa anaharibu asili? Asili gani hiyo.

Msumeno wa Mbuyuni
Bi Mwana umemaliza 😂 Mie naongeza hapo hapo. Zege wetu, fremu yako ikiwa ya kubeba kumbi na varanda pale chuma kilipokufa, sina neno, ila hesabu ya uzito ipigwe kwanza na ukuta wa matumbawe uegemezwe kabla hujagusa chochote. Ukuta uliopona uache upumue, chokaa iliyolowekwa miezi sio ya mfuko wa jana. Milango yenye maandishi ya Qur'ani usimpe mtu wa msasa wa umeme. Na usibomoe ukuta mzima eti ili fremu ipite kwa urahisi, hapo nitagombana nawe kuliko mjomba.

zege_na_nondo
Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Hilo la kupaka rangi nyeupe nimefuta kauli. La uzito nimelielewa vizuri, kwetu ukuta ni wa kujaza tu, nguzo ndo inabeba, kumbe kule ukuta wenyewe ndo nguzo, ningefika na kikosi changu ningeangusha na kilichobaki.
Nimempigia mjomba jana nikamsomea hili la mnara wa 1897. Kanyamaza kidogo. Akasema yeye huo huo wa 1897 ndo aliozaliwa akaukuta, wa 1883 wamwachie Barghash. Nikamsomea la Bi Mwana. Akauliza mara mbili kama kweli ilikuwepo lifti, nikasema ndo wanavyosema. Akasema kama ni hivyo waanze na hiyo lifti, magoti yake hayapandi tena zile ngazi.