Animesheni za injini kwenye simu: kijana anaelewa kweli au anaangalia tu?

FundiKibirizi, Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza injini za boti hapa mwaloni Kibirizi na nina vijana wanaojifunza kwangu. Siku hizi wanakuja wameshaangalia kwenye simu zile animesheni za injini iliyokatwa katikati, pistoni inapanda na kushuka, petroli imepakwa buluu, moshi mwekundu. Sizibezi hata kidogo. Injini hizi za boti, za mipigo miwili (two-stroke), hazina valvu kichwani kama za gari. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kuziba madirisha ya ukuta wa silinda inapopita. Kulieleza hilo kwa mdomo ni kazi ngumu, maana injini ikiwa imefungwa huoni kitu, na ukishaifungua haifanyi kazi.

Ila kijana akishaangalia anasema, "Nimeelewa, fundi." Namuuliza: kwa nini tunachanganya oili kwenye petroli? Kimya. Na jibu lilikuwa palepale kwenye picha! Mchanganyiko unapita kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndipo unapanda kwenda kuungua. Chumba hicho hakina oili yake inayokaa humo. Beringi za krenki zinategemea ile lita 1 uliyotia kwenye lita 50 za petroli. Asiyejua hivyo ndiye anayepunja oili, halafu wavuvi wa dagaa wanabaki ziwani usiku, injini imenoki. Hilo linaniuma sana.

Je, animesheni zinafundisha kweli? Mnaozitumia mnazitumiaje?

Mwl_Kasulu
Mkuu, swali lako limeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2003 Mary Hegarty na wenzake, Marekani, walifundisha wanafunzi jinsi tangi la choo cha kuflashi linavyofanya kazi. Wengine walipewa michoro iliyotulia, wengine animesheni. Wote walifaidika, lakini animesheni haikuishinda michoro. Kilichoongeza uelewa ni kumtaka mwanafunzi atabiri kwanza kitakachotokea, na kumpa maelezo ya maneno.

Kwa hiyo simamisha video pistoni ikiwa juu. Wape karatasi, wachore kinachofuata. Kisha ndiyo uwaachie waangalie.

BintiUjiji
Mimi najifunza ufundi, naongea kama mwanafunzi. Zile video zinakimbia. Jicho linafuata kinachocheza na rangi, yaani pistoni, wakati jambo lenyewe liko kwenye kidirisha kidogo pembeni. Nikipunguza kasi na kurudia kipande kimoja, ndipo naona. Fundi, usiwatumie tu vijana video wakaangalie nyumbani. Kaa nao, waonyeshe kwa kidole pa kutazama.

MzeeWaReli, Tabora
Wanangu, mwalimu amesema kweli. Nimefundisha breki za hewa za treni kwa miaka mingi. Muulize kijana: bomba la hewa likikatika kati ya mabehewa, breki zitaachia au zitakamata? Karibu wote watasema zitaachia, kwa sababu wanadhani hewa ya bomba ndiyo inayosukuma breki. Kumbe kila behewa lina tangi lake la akiba, na presha ya bomba ikishuka, valvu inafungulia hewa ya tangi iende kwenye silinda ya breki. Zinakamata zenyewe. George Westinghouse alilitengeneza hivyo makusudi tangu miaka ya 1870.

Aliyekwisha kujibu "zitaachia" anaitazama ile valvu kwa macho makali kabisa. Aliyeonyeshwa bila kuulizwa anatikisa kichwa tu. Na baada ya picha, mpe kitu mkononi. Katuni haina uzito wala presha.

FundiKibirizi, Kigoma
Shikamoo mzee. Mwalimu, dada, asanteni sana. Leo nimefanya hivyo: tumesimamisha video, wamechora. Baadhi yao wamechora dirisha la kuingizia mchanganyiko likifunguka kwanza, kisha la moshi. Nilipoachia video wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akasema aliyechora hiyo katuni ndiye kakosea! Nimewatolea silinda kuukuu wapime kwa rula. Dirisha la moshi liko juu zaidi, kwa hiyo pistoni ikishuka inalifungua hilo kwanza, presha inatoka, ndipo mchanganyiko mpya unaingia.

Mzee, kama una mchoro wa hiyo valvu ya behewa, hata wa mkono, naomba uupige picha uuweke hapa. Vijana wameshaanza kuulizia.