Naomba ushauri: ultrasaundi kando ya kitanda kwa mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo

Ndugu wanataaluma, habari za kazi. Mimi ni daktari katika kitengo cha dharura cha hospitali ya wilaya, ambako tumepata mashine ndogo ya ultrasaundi, ingawa usiku hatuna mtaalamu wa radiolojia wa kusoma picha.

Ninapotafuta damu tumboni sina wasiwasi mkubwa. Mwanamke ambaye kipimo chake cha mimba ni chanya, presha imeshuka, na kati ya ini na figo ya kulia kuna utepe mweusi wa majimaji, ninamwita daktari wa upasuaji papo hapo, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi haisubiri karatasi ya majibu.

Kinachonisumbua ni kidole tumbo. Ninajua kwamba kikizidi upana wa milimita 6 na kisibonyee ninapokigandamiza, kuna uwezekano mkubwa kimevimba; lakini kwa mgonjwa mnene, au mwenye gesi nyingi, mara nyingi sikioni kabisa, na kutokukiona si sawa na kukiona kikiwa kizima. Mwezi uliopita nilimruhusu kijana mmoja kwa kosa hilohilo, akarudi kesho yake kikiwa kimepasuka.

Je, mgonjwa wa namna hiyo mnamlaza na kurudia kipimo baada ya saa kadhaa, au mnamwita daktari wa upasuaji kwa kutegemea mikono na kipimo cha damu peke yake? Na mlifanya vipimo vingapi chini ya msimamizi kabla ya kuyaamini macho yenu?